Wazee Waliorudishwa Kwao

Jumatatu, 11 Januari 2021

Nesi Eunice kanipa daftari hili. Anasema, "Mama Anje, mwandiko wako mzuri, usiuache ukafa. Andika kila siku hata mstari mmoja, mwakani nakutafutia chuo." Niliishia kidato cha pili. Sijui kama kuna chuo kinachopokea watu wa namna yangu, lakini nani ajuaye. Nimeanza.

Basi niseme nilipo. Ni mhudumu Makao ya Wazee, huku chini ziwani. Nafua, nadeki, nawaogesha wasiojiweza. Wazee ni thelathini na mmoja. Mmoja wao ni wangu mwenyewe, Bibi Bonifasia, mama wa mama yangu, aliyenilea kule Kingerikiti tangu naota meno. Alianguka shambani mwaka juzi akavunjika nyonga. Walipompokea hapa nami nikaja kuomba kazi ili niwe karibu naye. Anje wangu ana miezi minane, namfunga mgongoni huku nafanya kazi. Baba yake, Sixtus, yuko Mbinga juu kwenye kahawa za mzee wake, anashuka mwisho wa mwezi kama barabara imekubali.

Mvua tangu alfajiri. Mashuka hayajakauka.

Jumatano, 13 Januari

Mvua. Mashuka bado.

Jumapili, 17 Januari

Leo tumepata wageni, kwaya ya kutoka mjini, watu kama thelathini. Wameleta sabuni na sukari. Mvua ilikuwa inapiga bati, tukafunga madirisha, nao wakaimba kwa kushindana na mvua mpaka Mzee Othmar akasimama na fimbo yake kucheza. Baadaye wakawakumbatia wazee mmoja mmoja. Bibi Lukresia wa Ngumbo, ambaye sijaona mtu akija kumtazama tangu nimjue, alimshika mkono binti mmoja wa sauti ya kwanza akawa hataki kumwachia. Yule binti alikuwa anakohoa, akawa anacheka, "Ni baridi tu ya huko juu, Bibi."

Ilikuwa siku nzuri. Anje amelala akiwa na sukari kwenye kidevu.

Jumamosi, 23 Januari

Mafua yameingia mabweni yote mawili. Nesi anasema ya masika. Nimewachemshia tangawizi sufuria nzima.

Jumanne, 26 Januari

Bibi Lukresia ana homa siku ya tatu, anapumua kama aliyepanda mlima. Asubuhi Bwana Edmund ametuita ukumbini. Yeye ndiye mfawidhi, mkuu wa Makao haya. Ni mtu wa Singida, mlokole, mpole, hata akikukaripia unaona kama anakuomba radhi.

Akasema, "Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba!"

"Nimekaa nikafikiri. Ninyi mna kwenu, mna makaburi ya wazazi wenu. Si vizuri mtu akizidiwa afie ugenini. Kuanzia leo, mzee akizidiwa tunamtafuta ndugu yake, hata awe wa mbali, na gari linampeleka kwao."

Wazee walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kwetu huku kufa ugenini ni aibu ya ukoo, mtu anaweza kuwa hajakanyaga nyumbani miaka ishirini lakini mahali pa kulala mwisho anapajua, atakuonyesha kwa kidole. Bibi yangu alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mzee Othmar akanyoosha mkono: "Na asiyezidiwa je, haruhusiwi kupanda gari?" Ukumbi mzima ukacheka.

Mchana nimemwogesha Bibi Lukresia, nikampaka mafuta, nikamfunga kilemba kizuri. Alikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nakwenda kwetu." Tulimwinua mimi na Pankras, dereva wetu, tukamlaza siti ya nyuma. Alitupungia mkono mpaka gari likapotea kwenye kona.

Alhamisi, 28 Januari

Nimemuuliza Pankras, "Bibi amefika salama?"

"Amefika."

"Wamempokea vizuri?"

"Wamempokea." Akaenda kuosha gari. Si kawaida yake, Pankras akianza kusimulia safari unaweza kupika maharage yakaiva.

Ijumaa, 5 Februari

Wiki hii wamekwenda kwao watatu. Nawaogesha wote mimi. Najiona kama ninaandaa watoto wa komunyo ya kwanza, wanavyokaa kimya wapakwe mafuta. Waliobaki wanawaonea wivu. Bibi naye ameanza, "Zamu yangu lini?" Nikamwambia, "Bibi, wewe huumwi, utakwenda kufanya nini? Nani atamwimbia Anje?" Akanyamaza kwa sababu ya Anje.

Jumanne, 9 Februari

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mzee Othmar ameanza kukohoa. Alianza saa nne kamili, baada ya chai. Anakohoa, ananyamaza, anatazama kama nesi amesikia, anakohoa tena kwa sauti kubwa zaidi. Nilipompelekea maji akaninong'oneza, "Mke wangu mdogo, nikohoe kwa kifua au kwa koo? Ipi inapanda gari?"

Yeye huniita mke wangu mdogo kwa utani, mke mkubwa ni Bibi, maana wanatupiana maneno kutwa, Mngoni wa Liparamba na mwanamke wa Kimatengo.

Bibi akadakia kutoka kitandani kwake, mlango ulikuwa wazi: "Othmar, hata kukohoa hujui! Unabweka kama mbwa wa shamba!"

"Nyamaza, mla ugali wa kuazima! Mimi naondoka, utabaki na nani wa kukuchokoza?"

Nesi alipokuja kumpima, joto hakuna. Akanigeukia. "Mama Anje, wewe unalala jirani na bweni lao. Anakohoa kweli huyu?"

Mzee Othmar alinitazama kwa yale macho yake. Kule Liparamba ana binti yake mmoja, waligombana kwa shamba, na juzi binti ametuma salamu kwamba aje wamalize. Miaka sita anasubiri salamu hiyo. Nikasema, "Anakohoa, nesi. Usiku kucha."

Alhamisi, 11 Februari

Mzee Othmar amekwenda. Alivaa koti lake la suti. Ndani ya gari alimkuta Mzee Romanus, ambaye naye ni wa njia hiyo, amelazwa, midomo imekuwa ya bluu, kifua kinapanda na kushuka. Mvua kubwa, vioo vimefungwa. Mzee Othmar akaniambia dirishani kwa ishara, kwaheri mke wangu, akamlaza Mzee Romanus kichwa kwenye paja lake ili asigongwegongwe na mashimo.

Ijumaa, 12 Februari

Nimepika ugali mwingi mno. Nilisahau kwamba wamepungua.

Jumapili, 14 Februari

Nisameheni mwandiko.

Baada ya misa nilitumwa ufukweni kununua usipa wa wiki, wale dagaa wetu wa ziwani. Mitumbwi ilichelewa kwa ajili ya upepo, nikakaa na akina mama wengine kusubiri. Mmoja alikuwa amevaa nguo nyeusi, amenyoa nywele. Tukasalimiana, nikampa pole. Akauliza nafanya kazi wapi. Nilipotaja Makao, akaniangalia, akamwangalia na Anje mgongoni.

"Basi wewe ndiye Hilda, mama Anje."

"Umenijuaje, dada?"

"Shangazi alikutaja. Lukresia. Alisema ulimfunga kilemba."

Nikafurahi, nikauliza, "Hajambo Bibi?"

Akaona sijui. Uso wake ukabadilika. "Mama, shangazi tulimzika tarehe ishirini na nane. Aliletwa Jumanne jioni, Jumatano usiku hakufika asubuhi. Mnatuletea mtu anakata roho, hamna hata dawa, hamna barua, dereva hakuzima gari. Sasa hivi mume wangu yuko ndani, analala ameketi, akilala chali anakosa hewa. Hata kuja kuzika hamkuja."

Nilisema pole. Usipa niliusahau, mwenzangu mmoja akanikimbilia nao.

Anaitwa Margareta. Ana watoto wanne.

Jumanne, 16 Februari

Nimemfuata Pankras gereji. "Pankras, wale wote uliowapeleka wako wapi?"

Akaendelea kukaza nati. "Mimi ni dereva, mama Anje."

"Pankras!"

Akaweka spana chini. "Wa Ngumbo, siku moja na nusu. Wale watatu wa wiki ile wote wamezikwa, mmoja alinifia njiani kabla ya daraja. Niliwakabidhi ndugu zake maiti, nikawaambia amelala. Wakaona wenyewe nimeshageuza gari." Akapangusa uso kwa tambara la grisi. "Unadhani kwa nini sisimulii?"

"Na Mzee Othmar?"

"Othmar nilimwacha anatembea mwenyewe, binti yake amemkumbatia. Yule alikuwa mzima." Akanitazama. "Si alikuwa mzima?"

Jumatano, 17 Februari

Jumatano ya Majivu. Padre ametunyunyizia majivu utosini bila kutugusa. Sikuwahi kuona hivyo. Ina maana hata padre anaogopa.

Ijumaa, 19 Februari

Nilikuwa nadeki ofisini. Daftari la wakazi lilikuwa wazi mezani. Sikulipekua, lilikuwa wazi. Kila mzee ana mstari wake, alikuja lini, ametoka wapi, ameondoka lini, kwa sababu gani. Lukresia: amerudi kwao, amekabidhiwa kwa ndugu, hali nzuri. Chini yake hali nzuri. Chini tena hali nzuri. Mpaka yule aliyefia njiani, hali nzuri. Tangu mwaka uanze, kwenye safu ya waliofariki hakuna hata jina.

Bwana Edmund akaingia, akaniona na tambara mkononi. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti akakaa.

"Hilda mwanangu, umesoma."

"Wamekufa, bwana."

"Najua."

"Hapa pameandikwa hali nzuri."

"Walipopita getini walikuwa hai. Mimi naandika kinachotokea ndani ya geti." Halafu akavua miwani, akawa kama mtu mwingine. "Mwanzoni nilidhani nawatendea wema kweli. Usiniangalie hivyo, nilidhani kweli. Halafu nikaona daftari linabaki safi. Nikiandika vifo vingi ndani ya mwezi, nitaulizwa wamekufa na nini. Niseme nini? Kipimo sina. Ugonjwa wenyewe kila mtu anauita changamoto ya kupumua, hakuna anayeutaja jina. Nina watoto watatu shuleni, Hilda."

Nilimwonea huruma. Ndilo linaloniudhi, kwamba nilimwonea huruma.

Nilimsimulia nesi Eunice. Akanifungia mlango ndipo akasema, "Niliomba mitungi mitatu ya oksijeni. Unajua nilijibiwaje? Kwamba Makao yenu hayana kifo hata kimoja, watangulie wenye shida. Huu mmoja nilionao nimeazima kwa rafiki yangu wa zahanati."

Jumanne, 23 Februari

Wamekwenda wengine wawili. Niliwaogesha. Sikuweza kuwatazama usoni. Mmoja alisema, "Mbona leo mikono yako ina baridi?"

Ijumaa, 26 Februari

Binti wa Mzee Othmar amempigia Pankras simu. Mzee Othmar amezikwa jana Liparamba.

Alikaa siku tano mzima. Alikula, walipatana, alimwonyesha binti mipaka ya shamba. Siku ya sita akaanza kukohoa, na binti akacheka, kwa sababu alishawasimulia jinsi alivyodanganya kukohoa ili apande gari. Wakadhani anaigiza. Walicheka siku mbili nzima. Ya tatu ndipo wakaona hachezi.

Alimshikilia Mzee Romanus kwenye paja lake saa saba za matope, na Romanus mwenyewe alishatangulia kufa.

Mimi nilisema anakohoa. Nesi aliniuliza mimi, nikasema usiku kucha. Ningesema hapana angekuwa hapa sasa hivi anamwita Bibi mla ugali wa kuazima. Nimejaribu kujiambia kwamba alipatana na mwanawe. Ni kweli alipatana. Lakini nikifika hapo moyo unakataa kwenda mbele.

Bibi ameuliza, "Othmar hajatuma salamu?" Nimesema mtandao wa Liparamba mbaya.

Jumatatu, 1 Machi

Mvua. Jino la Anje la tatu.

Alhamisi, 4 Machi

Bibi amekohoa mara mbili wakati namlisha uji. Nimesema ni uji.

Jumamosi, 6 Machi

Si uji. Nimewaambia wenzangu nitamhudumia mwenyewe, nimefunga mlango wa chumba chake cha vitanda viwili, nikipita naimba kwa sauti ili asisikike. Nesi akijua ataandika, akiandika Bwana Edmund ataona, gari litakuja. Nimemfukizia mkaratusi na michaichai chini ya blanketi. Ametoka jasho, akasema amepata nafuu. Mungu wangu, iwe kweli. Anje simpeleki kwake, naye analia kumtaka.

Jumatatu, 8 Machi

Nimefanya ujinga. Siku mbili nimemficha, na bibi wa kitanda cha pili ameanza homa. Nilifunga mlango nikawafungia wote wawili ndani. Nimekwenda kwa nesi kupiga magoti. Hakunigombeza. Ameuleta mtungi akamwekea Bibi mrija puani, wakawa wanapokezana na yule mwenzake, saa kwa saa. Amenishonea barakoa ya kitenge, na nyingine kwa ajili ya Bibi, Bibi akakataa: "Mimi si punda, sifungwi mdomo."

Jumatano, 10 Machi

Bwana Edmund amekuja na karatasi. Fomu ya makabidhiano. Hakuweza kunitazama. Ndugu wa Bibi Bonifasia ni nani? Ni mimi. Hakuna wa kutafuta, hakuna wa kupigia simu. Anayetakiwa kuweka sahihi kwamba amempokea akiwa na hali nzuri ni mimi.

"Kesho Pankras anawapeleka Kingerikiti. Wewe, Bibi na mtoto. Nakupa likizo wiki mbili."

"Mtungi je?"

"Mtungi unabaki, kuna wengine."

"Basi anakwenda kufa."

"Hilda, yeye mwenyewe anataka."

Na ni kweli anataka. Bibi alikuwa ameshasikia, ameshaanza kukunja khanga zake kwa vidole visivyo na nguvu. Alikuwa anacheka. "Mjukuu wangu, sahihi ndiyo hiyo tu? Hukusomea bure."

Nikasema naomba mpaka kesho. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu kabisa.

Alhamisi, 11 Machi

Naandika yote nisije nikasahau.

Asubuhi niliingia kwa Bibi na barakoa yangu. Nikamwambia, "Bibi, siweki sahihi."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. "Kwa nini?"

"Hapa kuna hewa ya mtungi. Kule hakuna."

"Mimi sitaki hewa ya chupa. Nataka kwetu. Nilikubeba mgongoni kutoka Kingerikiti mpaka hospitali ulipokuwa na degedege, kwa miguu, mvua hii hii. Sasa nakuomba kitu kimoja, unanifungia mlango?" Akageukia ukutani. Mgongo wake umekonda, mifupa unaihesabu.

Nilikaa chini sakafuni. Nikaona nikiendelea kumficha nitakuwa nimeiandika ile hali nzuri kwa mdomo wangu. Nikasema, "Bibi, Lukresia alikufa siku ya pili."

Hakugeuka.

"Wale watatu wa wiki ile wamekufa. Romanus amekufa. Hakuna aliyefika mwezi. Wote niliowaogesha, Bibi. Na huko walikokwenda wameacha ugonjwa. Mume wa mpwa wa Lukresia analala ameketi. Hakuna anayejua, kwa sababu ofisini wameandika hawajambo, ndiyo maana mitungi haiji."

Mrija unazomea tu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Othmar naye?"

"Othmar naye."

"Lakini Othmar hakuwa anaumwa. Mimi nilimsikia. Alikuwa anabweka."

"Najua, Bibi. Mimi ndiye niliyemwambia nesi kwamba anakohoa."

Ndipo akageuka. Niliogopa uso wake kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Akanyoosha mkono, nikadhani ananipiga, akanishika sikio kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo nimevunja chungu. Alinishika hivyo muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni yanaingia masikioni.

"Mjinga wewe," akasema. "Na yeye mjinga. Mwanamume mzima." Akapumzika kupata pumzi. "Basi nitakaa. Lakini usinizike hapa. Kufa nitafia kwao Edmund, kuzikwa nazikwa kwetu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Na unipatie chai, hii hewa yao inakausha koo."

Nilikwenda ofisini nikaweka ile fomu mezani, tupu. Bwana Edmund akauliza, nimefikiri vizuri? Kazi yangu je, chumba changu je, mtoto? Niliegemea kabati. Nikamwambia, "Bwana, mimi ndiye ndugu. Ndugu amekataa."

Sijafukuzwa. Ila kila hatua ya viatu korido nzima nadhani ni mtu ananiletea barua.

Jumapili, 14 Machi

Bado. Anameza vijiko vitatu. Sixtus amepiga simu, anataka kumchukua Anje, barabara imekatika.

Alhamisi, 18 Machi

Redio inapiga nyimbo za maombolezo tangu usiku, Rais amefariki, nchi nzima msibani. Wazee wamekaa ukumbini na redio katikati, wanalia. Mimi na nesi tuko na Bibi. Mwenzake wa kitanda cha pili amepata nafuu, amekaa, ameomba ndizi. Mtungi umebaki robo.

Jumamosi, 20 Machi

Bibi Bonifasia amefariki leo saa mbili asubuhi, ndani ya Makao, kitandani kwake, mimi nikiwa nimemshika. Mtungi uliisha saa kumi na mbili. Alipumua mwenyewe saa mbili nzima. Hakusema neno la mwisho, alikuwa anapumua tu, ilikuwa kazi kubwa, kama mtu anayevuta maji kisima kirefu. Halafu kamba ikaachia.

Nimemwogesha.

Bwana Edmund alikuja na daftari lake, akasimama mlangoni. Alikuwa na kalamu. Akauliza, "Sababu niandike nini? Niandike uzee?"

Nesi Eunice akamjibu bila kugeuka, anakunja mrija: "Uzee alikuwa nao tangu Januari, mbona hakufa Januari?"

Nikasema, "Andika alichokufa nacho, bwana. Homa siku kumi na sita, kikohozi, kukosa hewa. Mtungi umeisha saa kumi na mbili. Hata kama jina hulijui, andika hivyo."

Akaandika akiwa amesimama, daftari kwenye kiganja. Nilisogea nikasoma. Tarehe, saa, jina lake lote. Safu ya waliofariki. La kwanza.

Gari haliruhusiwi kubeba maiti, Bwana Edmund akasema. Pankras alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. "Mkuu, maiti nimeshabeba. Ila hii ndiyo ya kwanza ninayoambiwa ni maiti."

Jumatatu, 22 Machi

Tumemzika Kingerikiti, kando ya babu. Watu wachache, nimewaomba wasimame mbalimbali, wamenung'unika lakini wamesimama. Hatukukaa matanga. Shangazi zangu wamesema nimeleta desturi ya ajabu. Nimekubali lawama.

Jumamosi, 27 Machi

Nimerudi kazini. Nesi ananiambia siku ile ile tuliyokwenda kuzika, Bwana Edmund alijifungia ofisini na simu. Alimpigia ndugu mmoja mmoja, akiuliza, alizikwa lini, aliumwaje. Aliyekuwa anamtukana alimsikiliza mpaka mwisho. Amefuta hali nzuri kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, juu yake ameandika tarehe alizopewa. Ameandika barua, ameambatanisha nakala. Hajui watamfanya nini. Jana imekuja mitungi miwili na watu wawili wenye nguo nyeupe, wamechukua vipimo puani.

Mume wa Margareta alishafariki. Hayumo kwenye daftari la mtu yeyote, hakuwa mzee wetu.

Jumapili, 28 Machi

Jumapili ya Matawi. Kifua kinaniwasha tangu jana jioni. Safari hii sikusubiri hata dakika. Nilimpa Anje kwa mpishi, nikaenda kwa nesi nikasimama mbali, nikasema, "Eunice, nakohoa."

Jumanne, 30 Machi

Sixtus amefika kwa pikipiki, ametapakaa matope mpaka kope. Amemchukua Anje. Nilimwona dirishani tu, amefungwa mgongoni kwa baba yake kwa shuka, ananyoosha mikono huku kwangu, analia. Maziwa yamevuja yakalowesha nguo. Sijawahi kuogopa hivi. Naogopa nikilala. Naogopa hata kuandika, nikidhani huu ndio mstari wa mwisho.

Alhamisi, 1 Aprili

Homa. Pumzi fupi lakini inakuja. Tuko wagonjwa watano upande huu, kila mtu chumba chake, madirisha wazi, mvua inaingia mpaka sakafuni na hakuna anayefunga.

Bwana Edmund hupita nje kila asubuhi na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, barakoa imepanda mpaka kwenye miwani. Anasimama kila dirisha. Leo amesimama kwangu.

"Hilda, umeamkaje?"

Ilinichukua muda kukusanya hewa. "Nimeamka."

Akaandika, akaenda dirisha linalofuata.